Chicago hadi Los Angeles kwa Barabara ya 66, Julai 1962: siku kwa siku, senti kwa senti

Safari hii inafuata njia moja na juma moja: kuanzia Jumatatu 16 Julai hadi Jumatatu 23 Julai 1962, watu wawili, gari moja. Bei za Marekani ya miaka ile hupenda kusambazwa: baga senti 15, galoni ya mafuta senti 31, stempu ya barua senti 4. Msomaji hushangaa, hutamani, basi. Lakini bei ikisimama peke yake haisemi kitu. Lazima uiweke kando ya mshahara wa anayelipa, kisha uulize ni nani aliyeruhusiwa kuingia dukani kuilipa. Ndivyo tutakavyofanya njia nzima.

Vipimo vitatu vya kushika. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kilikuwa dola 1.15 kwa saa tangu Septemba 1961, ila wafanyakazi wa mashambani na wa migahawani hawakuwamo katika sheria hiyo. Familia ya katikati ilipata karibu dola 6,000 kwa mwaka, yaani kama dola 115 kwa wiki. Na kwa aliyetoka kwetu, pauni moja ilikuwa dola 2.80 na shilingi 20 za Afrika Mashariki, kwa hiyo dola moja ilimgharimu shilingi 7 na senti 14.

Siku ya kwanza, Jumatatu 16 Julai. Chicago hadi Springfield, Illinois, maili 200

Gari ni Chevrolet Bel Air ya mwaka huohuo, milango minne, silinda sita, injini ya inchi za ujazo 235 yenye nguvu za farasi 135. Mpya dukani ni karibu dola 2,500 kabla ya nyongeza, na nyongeza ndizo zinazomaliza pesa: redio unalipia, gia ya kujibadilisha unalipia, kiyoyozi unalipia dola mia kadhaa, na ndiyo maana magari mengi hayana. Upepo unaingia kwa vidirisha vya pembetatu vilivyo mbele ya madirisha ya mlango; ukivigeuza nyuma kabisa vinakupulizia kifuani. Mikanda ya usalama nayo si ya lazima. Magari ya 1962 yana matundu ya kuifungia viti vya mbele, lakini mkanda wenyewe unanunua na kufungiwa.

Kabla ya kuondoka: badilisha oili na filta, kagua mkanda wa feni na mipira ya rejeta (ukiibonyeza na ikatoa mlio mkavu, itupe), pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi. Pauni 24 hivi kwa inchi ya mraba inatosha mwendo wa mjini, na pauni 4 zaidi kwa mwendo mrefu wa kasi. Matairi haya yana nyuzi zilizopishana kimshazari, na yanapata moto haraka. Kosa la kawaida ni dereva kusimama mchana, kupima, kuona upepo umepanda, na kuutoa. Upepo umepanda kwa sababu ya joto. Ukiupunguza, tairi linajikunja zaidi kila linapozunguka, linazidi kupata moto, na mwisho wake ni kupasuka.

Barabara ya 66 kuelekea magharibi inaanzia mtaa wa Adams, kwa sababu Jackson ulishafanywa wa njia moja kwenda mashariki. Illinois hapana shida: barabara pana, njia mbili kila upande kwa sehemu kubwa. Ukisimama kwenye sheli hutoki garini. Kijana aliyevaa sare anakuja, anajaza mafuta, anafuta kioo cha mbele, anafungua boneti, anapima oili, anakuonyesha kijiti. Ramani ya jimbo zima unapewa bure. Yote hayo yamo katika senti 31 za galoni, na ndani ya hizo senti 4 ni kodi ya serikali kuu, juu yake kodi ya jimbo. Galoni ya Kimarekani ni lita 3.785. Tangi la galoni 20 linajaa kwa dola 6.20, ambazo kwa mtu wa kima cha chini ni zaidi ya saa tano za kazi. Gari linakwenda maili 15 kwa galoni.

Beba sarafu. Simu ya mjini senti 10, soda ya Coca-Cola ya chupa ndogo kutoka mashineni senti 10, jukiboksi wimbo mmoja senti 10 au nyimbo tatu kwa robo dola. Senti 10, robo na nusu dola bado ni za fedha halisi, asilimia 90. Kadi za malipo zipo, Diners Club na American Express, lakini hoteli ndogo za njiani hazizijui. Kadi za kampuni za mafuta ndizo zinazofanya kazi sheli. Benki hufungwa alasiri mapema na hakuna mashine ya kutolea pesa mahali popote duniani. Hundi za wasafiri ndiyo njia salama.

Siku ya pili, Jumanne 17 Julai. Springfield ya Illinois hadi Springfield ya Missouri, maili 315

Mississippi unaivuka kaskazini ya St. Louis kwa daraja la Chain of Rocks, la chuma, jembamba, lenye kona katikati ya mto. Lori refu likitokea upande wa pili, mmoja husimama mwingine apite. Mjini kwenyewe lile tao kubwa linaloonekana katika picha za leo halijaanza kusimama.

Saa ni ya kuangalia. Chicago wako kwenye saa za kiangazi, yaani saa zimesogezwa mbele kwa saa moja miezi ya joto, lakini kila jimbo, na pengine kila mji, hujiamulia lenyewe. Unaweza kuendesha maili hamsini ndani ya ukanda uleule wa saa na ukakuta saa za ukutani zimerudi nyuma. Ukitaka kuwahi mgahawa au posta, uliza saa ya hapo.

Missouri ni milima midogo na kona. Mabanda ya mashambani yamepakwa rangi tangazo la mapango ya Meramec, na kando ya barabara zipo zile mbao ndogo za Burma-Shave, sabuni ya kunyolea: mbao sita zilizopangwa kwa umbali, kila moja maneno machache, na ubeti unakamilika kwenye ya mwisho. Zilipimwa kwa mwendo wa magari ya miaka ya thelathini. Kadiri magari yalivyokwenda kasi ndivyo zilivyozidi kuwa ngumu kusomeka, na mwaka uliofuata, 1963, ziliondolewa.

Redioni jioni hii habari kubwa ni Seneti: mswada wa Rais Kennedy wa bima ya hospitali kwa wazee umeangushwa kwa kura 52 dhidi ya 48. Bima hiyo ilikuja kupita 1965.

Kulala ndiko kunakotenganisha safari mbili. Msafiri mweupe anaangalia mabango ya moteli na kuchagua: chumba cha watu wawili dola 6 hadi 10, Holiday Inn kwa juu kidogo na watoto hawalipiwi. Msafiri mweusi hana cha kuchagua. Anatumia kitabu cha mwongozo alichokianzisha Victor Hugo Green, mtu wa posta, huko Harlem mwaka 1936, ambacho kilikuwa bado kinachapishwa mwaka huu: kinaorodhesha mji kwa mji hoteli, nyumba za watu binafsi, sheli na migahawa inayompokea. Springfield ya Missouri ilikuwa na Hoteli ya Alberta, hospitali ya zamani iliyogeuzwa nyumba ya wageni, na wanamuziki wengi weusi walilala pale. Ukikosea hesabu ya maili usifike, sehemu inayofuata inaweza kuwa mamia ya maili mbele, na katikati yake kuna miji ambayo mtu mweusi hakutakiwa kukutwa jua likishazama. Kwa hiyo gari la familia nyeusi lilibeba vitu ambavyo majirani zao weupe hawakuvihitaji: kikapu cha chakula cha siku nzima, sanduku la barafu, dumu la maji, mablanketi, kopo la haja kwa watoto. Mafuta yalikuwa senti 31 kwa wote. Safari haikuwa ya bei moja.

Siku ya tatu, Jumatano 18 Julai. Hadi Tulsa, Oklahoma, maili 180

Kansas inakatwa pembeni tu, maili 13, kisha umeingia Oklahoma.

Tukiwa karibu na Joplin, ni vizuri kutazama kusini. Kule Rogers, Arkansas, tarehe 2 Julai, wiki mbili zilizopita, Sam Walton alifungua duka lake la kwanza la Wal-Mart. Mwaka huohuo, Machi, Kmart ya kwanza ilifunguliwa Garden City, Michigan, na Mei ikafuata Target ya kwanza huko Roseville, Minnesota. Wazo ni lilelile kwa wote watatu: duka kubwa nje ya katikati ya mji, maegesho ya bure, faida ndogo kwa kila kitu, mauzo mengi. Barabara hizi na magari haya ndiyo yaliyoliwezesha. Bila gari, mama wa nyumbani asingekwenda kununua vitu vya wiki nzima kwa mara moja.

Vyakula dukani mwaka huu: mkate wa pauni moja karibu senti 21, mayai dazeni karibu senti 54, nusu galoni ya maziwa karibu senti 50, kahawa pauni karibu senti 70. Mkebe wa bia au juisi unahitaji kifungulio cha chuma chenye ncha, nacho usikisahau. Kopo lenye kichupuo cha kuvuta, alilolibuni Ermal Fraze wa Ohio, ndiyo kwanza linaingia sokoni mwaka huu huko Pittsburgh.

Kansas ina mtu wa kwetu wakati huu. Wangari Maathai, aliyekuja na wanafunzi waliosafirishwa kwa mpango wa Tom Mboya, yuko chuoni Atchison, upande mwingine wa jimbo, tangu 1960. Alifika kwa basi kutoka New York. Alikuja kueleza baadaye kwamba basi lilipopumzika Indiana, yeye na wenzake waliambiwa soda wanaweza kununua lakini wakanywee nje. Ndege ya kwanza ya mpango huo ilitoka Nairobi Septemba 1959 na wanafunzi 81. Na haikuwa kwa wanafunzi tu. Juni 1961 balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alinyimwa kahawa Maryland, kwenye Barabara ya 40, akiwa njiani kwenda kumkabidhi Kennedy hati zake. Kikombe cha kahawa kilikuwa senti 10.

Kwa anayesafiri kwa basi kuna nafuu moja mpya: tangu 1 Novemba 1961 kanuni za serikali kuu zinakataza ubaguzi katika mabasi na vituo vya safari za kati ya majimbo, baada ya vijana wa Freedom Rides, weusi na weupe waliopanda mabasi pamoja kupinga ubaguzi, kupigwa na kufungwa mwaka huo. Kanuni inahusu kituo. Mgahawa ulio ng'ambo ya barabara haumo.

Kuingia Tulsa unaweza kushika barabara ya kulipia ya Will Rogers. Ni laini na ya haraka, ila miji yote unaipita kando.

Siku ya nne, Alhamisi 19 Julai. Tulsa, Oklahoma City, Amarillo, maili 365

Siku ndefu na tambarare, ondoka alfajiri.

Oklahoma City ina kaunta ya kuonwa. Agosti 1958 mwalimu Clara Luper aliingia na watoto wa shule katika duka la dawa la Katz, wakaketi kwenye kaunta ya vinywaji isiyowahudumia weusi, wakaagiza Coca-Cola. Waliketi siku baada ya siku hadi wakahudumiwa, na kampuni ikafungua kaunta zake katika majimbo kadhaa. Ilikuwa mwaka mmoja na nusu kabla ya vijana wa Greensboro walioketi vivyo hivyo, ambao dunia inawakumbuka. Mwaka huu wa 1962 maduka mengi ya katikati ya mji yalishafunguka, mengine bado. Sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi huo ilikuja Julai 1964.

Ukilipa sheli au dukani unapewa stempu za kijani za S&H: moja kwa kila senti 10. Unazilamba, unazibandika kwenye kitabu, na kitabu kinajaa kwa stempu 1,200. Vitabu hubadilishwa kwa taa, birika, pasi, baiskeli. Watu waliacha sheli ya karibu wakaenda ya mbali kwa ajili ya stempu, na hilo ndilo lililokusudiwa. Gharama yake muuzaji alikwisha kuitia katika bei.

Amarillo kuna mgahawa wa Big Texan, uliofunguliwa 1960: nyama ya kuchoma ya aunsi 72, yaani kilo mbili, pamoja na vyakula vyake vya kando, bure ukimaliza yote ndani ya saa moja. Usipomaliza unalipa. Kwa chakula cha kawaida cha njiani hesabu hivi: kifungua kinywa cha mayai, nyama na kahawa senti 60 hadi 75, sahani ya mchana karibu senti 85, chakula cha jioni dola 1.50. Bakshishi ni asilimia 10 hadi 15, na ukikumbuka kwamba mhudumu hayumo katika kima cha chini cha mshahara, hiyo ndiyo sehemu kubwa ya riziki yake.

Siku ya tano, Ijumaa 20 Julai. Amarillo hadi Albuquerque, maili 290

Glenrio ni kijiji kilichokaa juu ya mpaka wa Texas na New Mexico, na ukitaka kuelewa jinsi kodi inavyopanga majengo, simama hapa. Sheli ziko upande wa Texas, kwa sababu kodi ya mafuta huko ni ndogo. Baa ziko upande wa New Mexico, kwa sababu wilaya ya Texas iliyo hapo hairuhusu pombe. Jaza tangi kabla ya kuvuka. Saa nayo inarudi nyuma kwa saa moja.

Tucumcari imejitangaza kwa mabango mamia ya maili kabla hujafika: vyumba 2,000 vya moteli. Giza likiingia mtaa mzima ni taa za neoni. Maneno ya kutafuta kwenye bango ni yale yanayotangaza hewa ya friji. Hicho ni kiyoyozi cha kweli. Bango likisema chumba kimepozwa tu, mara nyingi ni kipoza cha maji: feni inapuliza hewa kupitia pedi iliyolowa. Kwenye hewa kavu kinafanya kazi vizuri, siku yenye unyevu kinakuachia shuka mbichi.

Omba uone chumba kwanza, hakuna anayechukia. Angalia mambo matatu: maji ya moto yanatoka, dirisha lina wavu, kitanda hakikai mbali sana na feni. Vitanda vingine vina kisanduku cha sarafu pembeni, Magic Fingers, kilichobuniwa na John Houghtaling mwaka 1958: unatia robo dola, kitanda kinatetemeka dakika 15. Televisheni ipo katika vyumba vya bei ya juu kidogo, nyeusi na nyeupe. Stesheni ni tatu tu kubwa, NBC, CBS na ABC, na kwenye miji midogo unapata moja au mbili. Ijumaa usiku CBS wana mchezo unaoitwa kwa jina la barabara hii, vijana wawili na gari la Corvette, ingawa sehemu kubwa ulipigwa picha mbali kabisa na njia yenyewe. Televisheni ya rangi ni karibu dola 500: kwa mtu wa kima cha chini ni majuma kumi na moja ya kazi.

Siku ya sita, Jumamosi 21 Julai. Albuquerque hadi Flagstaff, maili 325

Unapanda. Mgongo wa bara, pale maji yanapogawanyika kwenda bahari mbili, uko juu kidogo ya futi 7,200, na Flagstaff yenyewe iko karibu futi 7,000. Injini ya kabureta inapungukiwa nguvu huku juu kwa sababu hewa ni nyepesi na mafuta yanazidi. Hilo la kuvumilia tu. Linalosimamisha magari ni jingine: mafuta kuchemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Pampu ya mafuta ya injini hizi iko pembeni mwa injini, inavuta badala ya kusukuma, na mvuke haivuti. Dalili: gari linakohoa kwenye mlima, linazimika, haliwaki, ingawa mafuta yapo na cheche ipo. Dawa: egesha kivulini, fungua boneti, lowesha kitambaa kwa maji na ukifunge kwenye pampu na bomba lake, subiri dakika 20. Usiendelee kupiga stata, utaua betri na shida itabaki.

Msitu wa mawe, miti iliyogeuka jiwe, uko kando ya barabara. Ulipewa hadhi ya hifadhi ya taifa 9 Desemba 1962, siku ileile Tanganyika ilipokuwa jamhuri. Usichukue hata kipande, walinzi wanapekua. Holbrook kuna moteli yenye vyumba 15 vya zege kwa umbo la mahema, na maduka ya njiani yanauza vito vya Wahindi Wekundu. Shanga za kweli za Wanavajo hazipatikani kwa senti 50. Hizo ni za kiwandani.

Posta hufungwa Jumamosi mchana, kwa hiyo nunua mapema. Barua ya ndani senti 4, na aerogramu ya kwenda Dar es Salaam au popote duniani senti 11. Simu ya mbali unapita kwa opereta: ukitaka kuzungumza na yeyote atakayepokea ni bei ya chini, ukitaka mtu fulani kwa jina ni ya juu, lakini hulipi asipopatikana. Dakika tatu kutoka pwani hadi pwani mchana ni zaidi ya dola 2.

Usiku washa redio. Mawimbi ya kati hupaa juu gizani, yakadunda kwenye tabaka za anga na kurudi chini mbali sana, na ndiyo maana KOMA ya Oklahoma City unaipata safi milimani Arizona, na WLS ya Chicago inasikika majimbo mengi. Wiki hizi Ray Charles ametoka kushika namba moja majuma matano kwa wimbo wa kantri, muziki wa weupe wa vijijini ulioimbwa na mtu mweusi wa Georgia, na stesheni za pande zote mbili zinaupiga. Kwa anayetaka kuelewa nchi hii mwaka 1962, hilo ni jambo kubwa kuliko twisti ya Chubby Checker. Santuri ndogo yenye nyimbo mbili ni karibu senti 98, kubwa dola 3.98, saa tatu na nusu za kazi ya kima cha chini.

Habari za anga nazo haziishi. John Glenn alizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari, na kituo kimojawapo kilichozungumza naye kilikuwa Tunguu, Unguja.

Siku ya saba, Jumapili 22 Julai. Flagstaff hadi Needles, kisha jangwa usiku, maili 370

Hii ndiyo siku ya kupanga vizuri kuliko zote. Unashuka kutoka karibu futi 7,000 hadi chini ya 500, na joto la Needles mwezi wa saba hupita nyuzi 40 za Selsiasi bila taabu. Ondoka Flagstaff asubuhi, fika Kingman mchana, pumzika hapo hadi jua lilegee. Kutoka Kingman barabara inapita Yucca; ile ya zamani ya Oatman, yenye kona za kutisha, iliachwa 1952.

Breki zote ni za ngoma. Ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko, ngoma inapata moto na kutanuka, viatu vya breki vinapoteza mshiko, na kanyagio linashuka bila gari kupungua mwendo. Tia gia ya chini kabla ya mteremko, si katikati yake, kisha kanyaga kwa nguvu kidogo, achia, ipoe.

Maji ya kunywa galoni moja kwa kila mtu, na ya rejeta galoni mbili mbali na hayo. Mfuko wa turubai unaouzwa sheli ulowekwe kwanza usiku mzima, vinginevyo unavuja, kisha utundikwe mbele ya gari: maji yanapenya kwenye kitambaa, upepo unayakausha, na yaliyobaki ndani yanapoa. Usiutundike mbele ya rejeta kabisa, utaziba hewa. Kipoza cha dirishani, kile kama bomba nene kinachobanwa kwenye kioo cha abiria, kinafanya kazi kwa kanuni ileile na vituo vingine hukikodisha kwa kuvuka jangwa.

Sindano ya joto ikipanda: zima kiyoyozi kama kipo, washa kipasha joto hadi mwisho ingawa utaungua miguu, maana nacho ni rejeta ndogo. Isiposhuka, simama ukielekeza pua kwenye upepo, acha injini ingurume taratibu. Kifuniko cha rejeta usikiguse. Maji yamo kwenye shinikizo, yana joto kupita kiwango chake cha kuchemka, na ukifungua yanaruka usoni yote kwa pamoja. Subiri nusu saa, funika kwa tambara, zungusha robo, acha mvuke utoke, ndipo ufungue. Maji baridi yatie kidogo kidogo injini ikiwa inawaka, la sivyo chuma kinaweza kupasuka.

Needles kula, jaza tangi, ingia jangwani saa mbili usiku. Ni maili 160 hivi hadi Barstow kupitia Essex, Amboy na Ludlow, na mafuta ya katikati ni ya bei ya juu kuliko popote njiani kwa sababu kila kitu, hata maji, huletwa. Amboy, kwenye sheli na moteli ya Roy's, ndiko kwenye taa kubwa pekee. Matunda yaliwe au yaachwe: California ina vituo vya ukaguzi wa mazao, na machungwa yako yatachukuliwa. Saa hubadilishi, kwa sababu California iko kwenye saa za kiangazi na Arizona haiko, na mwezi huu zinalingana.

Siku ya nane, Jumatatu 23 Julai. Barstow hadi Los Angeles, maili 125

Baada ya kushuka njia ya mlimani ya Cajon, simama San Bernardino, kona ya mtaa wa E na wa 14. Hapa ndipo ndugu Richard na Maurice McDonald walipobuni 1948 ule mpango wa jiko la haraka. Ray Kroc aliwalipa dola milioni 2.7 mwaka 1961, wao wakabaki na jengo lakini wakapoteza jina. Bango sasa linasema Big M. Katika matawi ya Kroc mpango ni uleule. Pauni moja ya nyama inakatwa vipande kumi, kila kimoja aunsi 1.6. Mmoja anachoma, mmoja anapaka haradali na tomato kwa bomba la kubonyeza mara moja, robo ya aunsi ya kitunguu, kipande cha tango la siki, anafunga. Hakuna mhudumu wa kuja garini, hakuna sahani wala uma, na Kroc hakutaka wasichana kazini. Baga senti 15, chipsi senti 10, maziwa ya kutikisa senti 20: jumla senti 45, dakika 24 za kazi ya kima cha chini. Ukiondoa mhudumu, sahani na kuchagua, bei inashuka hivyo.

Fika mjini kabla ya saa sita mchana, tafuta duka la televisheni. Leo setilaiti ya Telstar, iliyorushwa tarehe 10, inabeba matangazo ya kwanza rasmi ya moja kwa moja kutoka Marekani hadi Ulaya. Yanadumu kama dakika 20 tu. Telstar iko chini na inakimbia. Antena za Andover kule Maine na Pleumeur-Bodou kule Ufaransa lazima ziione kwa pamoja, na ikizama upande mmoja picha inakatika.

Barabara inaishia Santa Monica, kwenye makutano ya Lincoln na Olympic, si gatini kama wengi wanavyodhani. Ukibaki mjini: Clifton's ni mkahawa unaowapokea watu wa rangi zote, nao umo kwenye kitabu cha Green. Disneyland unalipa kiingilio kisha vitabu vya tiketi za A hadi E, na tiketi ya E ndiyo ya michezo mikubwa. Vibandani komiki zimepanda kutoka senti 10 hadi 12, na toleo moja la senti 12, lenye tarehe ya Agosti, linamtoa Spider-Man kwa mara ya kwanza. Kwenye jumba la sanaa la Ferus, La Cienega, michoro 32 ya makopo ya supu ya Campbell ya Andy Warhol iko ukutani hadi 4 Agosti, dola 100 kila mmoja. Kopo lenyewe dukani halifiki senti 20.

Hesabu ya watu wawili kwa maili 2,300 pamoja na mizunguko ya mijini: mafuta galoni 153, dola 48. Kulala usiku saba, dola 52. Chakula dola 3 kwa mtu kwa siku, dola 48. Oili, barafu, mfuko wa maji, ada za barabara na sarafu za hapa na pale, weka dola 12. Jumla dola 160: saa 139 za kima cha chini, majuma matatu na nusu. Kwa familia ya katikati, chini kidogo ya juma moja na nusu. Kwa mwanafunzi kutoka Nairobi au Dar es Salaam, shilingi 1,142. Familia nyeusi iondoe sahani kadhaa za mgahawani, iongeze mkate, barafu na usiku mmoja au miwili ya kulala garini, au maili mia za ziada za kutafuta kitanda.